Disleksia na Swali la Akili: Arua na Koboko

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika unaompata mtu ambaye macho yake yanaona vizuri, masikio yake yanasikia, amefundishwa kama wenzake, na katika mambo mengine akili yake haina tatizo. Husoma polepole, husitasita, huruka maneno madogo, na huweza kuandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hali hii huwapata watu 5 hadi 10 katika kila 100. Idadi hutegemea mpaka umewekwa wapi, kwa sababu uwezo wa kusoma haukatiki ghafla. Huteremka kidogo kidogo kutoka kwa msomaji hodari hadi kwa yule anayepigana na kila neno. Hurithiwa pia: mtoto wa mzazi mwenye disleksia ana uwezekano wa takriban thuluthi moja hadi nusu wa kuwa nayo. Haina dawa ya kumeza, na haitokani na uvivu wala malezi mabaya.

Jina lenyewe lilitungwa miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, Ujerumani, akiwazungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kuugua. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, ambaye hakuwahi kuugua hivyo. Percy alikuwa mchangamfu, hodari wa michezo, na aljebra haikumpa shida. Lakini baada ya miaka saba ya kufundishwa alikuwa bado anahangaika na maneno ya silabi moja. Alipoandika jina lake mwenyewe aliandika "Precy", na hakuliona kosa mpaka alipoelekezwa kulitazama mara kadhaa. Mwalimu wake alitoa maoni kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewapita wenzake wote shuleni kwa werevu.

Maoni ya mwalimu yule yana fumbo ambalo madaktari hawakulifungua, wala haikuwa kazi yao. Ikiwa mtoto yule yule anakuwa wa kwanza anapofundishwa kwa mdomo na wa mkiani anapopewa kitabu, akili yake ni ipi kati ya hizo mbili? Upungufu uko ndani yake, au uko katika uamuzi wa watu kwamba elimu yote lazima ipite kwenye karatasi? Swali hili lina uzito wa pekee katika miji kama Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako maandishi yamekuwa jambo la kila siku kwa muda wa karne moja tu, nayo yalikuja yakiwa yameshikana na dini, serikali na mshahara.

Kwanza yafaa kueleza kinachoshindikana. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba kiini cha disleksia kwa kawaida kiko katika sauti za lugha na si katika macho. Mtoto anayejifunza kusoma hulazimika kulivunja neno, ambalo masikioni ni kitu kimoja, liwe vipande vya sauti, kisha aifunge kila sauti na alama yake, na kazi hiyo aifanye kwa kasi mpaka asihisi tena kwamba anaifanya. Kwa mwenye disleksia vipande hivyo havitengani vizuri, na fundo kati ya sauti na alama hufunguka kila mara. Mtaalamu wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ameonyesha jambo la kushangaza zaidi, kwamba kusoma hakuna mahali pake pa asili kichwani. Maandishi yalianza miaka takriban 5,000 iliyopita katika nchi ya Sumer, kusini mwa Iraki ya leo, na huo ni muda mfupi mno kwa maumbile ya binadamu kuzoea kitu kipya. Kila msomaji, tangu hapo hadi leo, huazima sehemu ya ubongo wa kushoto iliyokuwa na kazi ya kutambua vitu na kuilazimisha itambue herufi. Sehemu hiyo ina mazoea yake ya kale. Jembe likielekea kushoto au kulia ni jembe lile lile, na macho yanayojua hivyo huona taabu kukubali kwamba b na d ni vitu viwili. Ndiyo maana watoto wote huzichanganya mwanzoni, si wenye disleksia peke yao. Hawa huchelewa tu kuliacha zoea hilo.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. Kama kusoma ni ufundi ulioazimiwa, basi kabla ya maandishi hapakuwa na mtu mwenye disleksia duniani, ingawa ubongo wa namna hiyo bila shaka ulikuwepo. Kutokana na hoja hiyo wapo wanaosema kwamba ulemavu huu umetengenezwa na jamii: ondoa karatasi, na ulemavu unaondoka nayo. Wengine, wengi wao wakiwa madaktari, husema kwamba tofauti ya ubongo inaonekana kwa vipimo, na kitu kinachopimika kipo hata kama hakijapewa jina. Kila upande umeshika nusu ya kweli. Mwaka 2001 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Eraldo Paulesu na wenzake uliolinganisha watu wazima wenye disleksia wa Uingereza, Ufaransa na Italia. Sehemu ile ile ya ubongo ilifanya kazi kwa unyonge kwa wote waliposoma, lakini Waitalia walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao, kwa sababu tahajia ya Kiitaliano hufuata sauti kwa uaminifu na ya Kiingereza haifuati. Ubongo ulikuwa wa aina moja, mzigo ukawa tofauti. Disleksia basi imo ndani ya mtu, ila ukubwa wake huamuliwa na kile ambacho mtu huyo ametakiwa kusoma, kwa lugha gani, na kitu gani atakikosa akishindwa.

Huko West Nile, kama eneo hilo la Arua na Koboko linavyoitwa, mambo hayo matatu yamebanana sana. Arua, iliyofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020, ni mji wa Walugbara. Koboko, wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005, ni nchi ya Wakakwa, na iko pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini. Mtoto wa Koboko mjini anaweza kusema Kikakwa na bibi yake, kusikia Kinubi na Kiswahili dukani, Kilingala na Kiarabu cha Juba kwa wasafiri wa mpakani, kujifunza herufi za Kiarabu madrasa kuanzia kulia, na asubuhi yake kuandika herufi za Kilatini shuleni kuanzia kushoto. Wingi wa lugha hausababishi disleksia, jambo ambalo hata walimu husahau. Lakini huificha. Mtoto akishindwa kusoma Kiingereza, ni rahisi kusema kwamba hajui Kiingereza bado, na mara nyingi kauli hiyo ni ya kweli. Wale wachache ambao wangeshindwa katika lugha yoyote hupotelea ndani ya umati huo.

Mtaala wa mada ulioanza nchini Uganda mwaka 2007 unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, na darasa la nne liwe daraja la kuvukia Kiingereza. Kwa mwenye disleksia huu ni mpango mzuri unaokatika mahali pabaya. Kilugbara kikiandikwa hufuata sauti kwa ukaribu kuliko Kiingereza, kwa hiyo ni mlango mwepesi zaidi. Lakini kina mitego yake. Toni, ambazo hubadilisha maana ya neno, kwa kawaida haziandikwi. Tena zipo b na d za kawaida, na zipo nyingine zinazotamkwa kwa kuvuta pumzi ndani, ambazo huandikwa kwa kutanguliza koma ya juu: 'b na 'd. Neno 'ba, yaani watu, hupoteza sauti yake ya kwanza mara tu mtoto anapoisahau koma hiyo. Herufi mbili ambazo kila mtoto duniani huzichanganya zimekuwa nne. Mtoto anayehitaji miaka mitano kuzizoea amepewa mitatu, kisha anahamishiwa lugha ambayo herufi a husomwa kwa sauti nyingi na ambayo labda haisemwi nyumbani kwao.

Mwalimu asiye na vipimo vya kitaalamu ana njia moja nzuri ya kutofautisha. Amsomee mtoto hadithi fupi kwa lugha ya nyumbani na kumwuliza maswali. Kisha ampe hadithi nyingine ya kiwango kile kile, kwa lugha ile ile, aisome mwenyewe. Mtoto anayejibu vizuri aliyoyasikia na kukwama katika aliyoyasoma, hali wenzake wa darasa lile wameshavuka, anastahili kuangaliwa kwa karibu. Akishindwa yote mawili, sababu ni nyingine. Kipimo hiki hakigharimu kitu isipokuwa muda wa mwalimu, na katika darasa la watoto mia na zaidi, hali isiyo ngeni West Nile hasa karibu na makazi ya wakimbizi, muda ndio bidhaa adimu. Matokeo yake mtoto huyo hupewa jina la mzito au mvivu. Jina hilo ni hukumu ya maadili kuliko maelezo ya ufundishaji, kwa kuwa mvivu ni mtu mwenye kosa.

Hukumu hiyo ina historia. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, aliandika jinsi walivyomweleza mtu. Mtu ana roho iitwayo orindi, inayomfanya awajibike kwa ukoo wake. Ana adro, upande wake wa pekee unaohusiana na Mungu. Na ana tali, nguvu ya kuwagusa na kuwaongoza wengine, inayokua kadiri anavyokomaa. Mzee alipimwa kwa kujua nasaba, kusuluhisha ugomvi, kusema mbele ya watu na kutoa sadaka kwa mababu. Magonjwa mengi yalielezwa kuwa adhabu ya mababu kwa aliyevunja heshima ya ukoo. Si busara kuipamba picha hiyo, kwani nayo ilikuwa na watu wake wa pembeni. Lakini katika orodha yote ya makosa yanayoweza kumshusha mtu, hapakuwa na nafasi ya kushindwa kutambua alama kwenye karatasi.

Nafasi hiyo ilitengenezwa karne ya 20. Africa Inland Mission ilifika Arua mwaka 1918, na kazi yake ndiyo iliyozaa Kanisa la Anglikana la eneo hilo, ambalo kanisa kuu lake liko Mvara. Wakomboni wa Kanisa Katoliki walijenga misheni yao Ediofe. Katika Uganda ya Kianglikana, kuanzia Buganda, desturi ilikuwa kwamba anayetaka ubatizo ajifunze kwanza kusoma Injili. Nia ilikuwa njema na ya Kiprotestanti kabisa: kila muumini alifikie Neno bila kupitia kinywa cha mtu mwingine. Hata hivyo kanuni hiyo iliweka uwezo wa sehemu moja ya ubongo kwenye kizingiti cha wokovu. Serikali ya kikoloni ikaongeza kizingiti cha pili, yaani ukarani, na shule ikaunganisha vyote. Msomi akawa mwongofu, mstaarabu na mwenye kazi kwa pamoja, na asiyesoma akayakosa yote matatu kwa mkupuo. Lawama ya mtoto mzito darasani imetoka hapo. Anaonekana amekataa nuru, wala si kwamba amekosa stadi moja.

Ajabu ni kwamba dini zenyewe, zikirudishwa kwenye vyanzo vyake, hazitegemezi hukumu hiyo. Uislamu, ulio na mizizi mirefu Koboko na katika wilaya jirani ya Yumbe, unamkiri Mtume aliyeitwa ndani ya Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-A'raf, kuwa Nabii asiyesoma. Simulizi ya pango la Hira inaeleza kwamba alipoamrishwa asome alijibu kuwa yeye si msomaji, na wahyi haukungoja ajifunze. Kurani iliishi kwanza vifuani. Ilipokusanywa katika maandishi baada ya vita vya Yamama, mnamo 633, sababu iliyotajwa ilikuwa kufa kwa mahafidhi wengi vitani, yaani karatasi iliitwa imsaidie binadamu anayekumbuka. Sheria nayo haikuweka kusoma kuwa sharti la wajibu: anayewajibika mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye akili timamu aliyebaleghe, na wanazuoni waliofafanua akili hiyo hawakuiwekea mtihani wa herufi.

Kuna hadithi ya Mtume inayogusa jambo hili karibu zaidi, iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha na kuwekwa na Bukhari na Muslim katika vitabu vyao. Maana yake ni kwamba hodari wa kusoma Kurani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kubabaika, huku ikimwia nzito, ana ujira mara mbili. Wafafanuzi husema ujira mmoja ni wa kusoma na wa pili ni wa taabu. Tena hawasemi kwamba anayebabaika amempita hodari. Hodari ana daraja yake. Kilichofanywa na hadithi hiyo ni kuyatenganisha mambo mawili ambayo shule huyaweka pamoja: ubora wa usomaji na thamani ya msomaji. Mwalimu wa madrasa anayemchapa mtoto kwa kubabaika anamwadhibu kwa kitu ambacho Mtume alikiahidi ujira. Si kila madrasa imelitafakari hilo.

Hata hivyo mwenye disleksia haponi kwa sababu tu madrasa inategemea kuhifadhi. Maandishi ya msahafu yametiwa irabu zote, kwa hiyo alama na sauti vinakwenda pamoja kuliko katika gazeti la Kiarabu, ambalo irabu fupi huachwa. Hiyo ni nafuu. Kusikiliza na kurudia pamoja na wengine ni nafuu nyingine. Lakini herufi nyingi hutofautiana kwa nukta tu, na baadhi ya watu wenye disleksia hupata tabu pia kushika mfululizo wa sauti kichwani. Wengine kati yao watahifadhi kwa wepesi unaomshangaza mwalimu wa shule, na wengine hawatahifadhi.

Upande wa Ukristo kuna kisa cha Musa katika kitabu cha Kutoka. Alijitetea mbele ya kichaka kwamba ulimi wake ni mzito. Wahubiri hukimbilia jibu la Mungu kwamba ndiye aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, na kuruka kinachofuata: Musa haponywi. Anapewa Haruni awe msemaji wake, na kazi inaendelea kuwa ya Musa. Katika Matendo ya Mitume, wakuu wa Yerusalemu wanashangaa kuwaona Petro na Yohana, watu wasio na elimu, wakisema kwa ujasiri. Augustino wa Hippo, aliyekuwa bingwa wa vitabu katika zama zake, alimtaja Antoni wa Misri kuwa mtu aliyeyashika Maandiko kwa kuyasikia bila kujua herufi. Na Paulo alipowaandikia Warumi aliweka chanzo cha imani katika kusikia. Mafundisho hayo yana umbo la kisasa huko Arua: Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza 2004, hutangaza kwa lugha kadhaa za West Nile, na mtu ambaye asingemaliza ukurasa mmoja wa katekisimu hufuata mjadala wa saa nzima kwa masikio, tena akapiga simu kubishana.

Yapo majibu mawili ya kidini yanayotolewa haraka mno. La kwanza ni laana: mtoto hasomi kwa sababu ya dhambi ya mtu fulani au uchawi wa jirani. Kisa cha kipofu wa kuzaliwa katika Injili ya Yohana, ambapo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi na wanajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake, kinatosha kulikataa. Jibu la pili linapendeza zaidi, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulihoji: disleksia ni karama, Mungu amefunga mlango mmoja na kufungua mwingine mkubwa kuliko huo.

Vipaji vya watu wenye disleksia vimechunguzwa, na ushahidi wake unahitaji kupimwa kwa utulivu. Mwaka 2003 Catya von Károlyi na wenzake waliwaonyesha vijana michoro ya maumbo, mengine yakiwa yale yasiyowezekana kuwepo, kama ngazi inayojizunguka bila mwisho. Wenye disleksia waliyatambua upesi zaidi bila kukosea zaidi, dalili kwamba huenda wanaona umbo zima kwa mara moja. Tafiti nyingine zilizofuata kuhusu uwezo wa maumbo na nafasi kwa ujumla hazikupata faida hiyo kila mara. Julie Logan wa London aliwahoji wajasiriamali wa Marekani na kukuta zaidi ya thuluthi yao wana dalili za disleksia. Akaeleza kwamba wamezoea tangu utotoni kuwagawia wengine kazi na kujieleza kwa mdomo. Mwaka 2022 Helen Taylor na Martin Vestergaard walipendekeza kwamba ubongo wa namna hii umeelekea kwenye kutafuta mapya kuliko kutumia yaliyokwisha kujulikana, na kwamba jamii za kale zilihitaji watu wa aina zote mbili. Ni pendekezo linalovutia ambalo bado halijathibitishwa.

Kwa mtu anayeijua Koboko, pendekezo hilo huleta sura za watu. Mbadilisha fedha wa njia ya Oraba, mpakani, ana mkononi shilingi za Uganda, pauni za Sudan Kusini, faranga za Kongo na dola; bei zinabadilika asubuhi na jioni, na anazigeuza kichwani huku akimsoma mteja usoni kama ana haraka au hana. Fundi wa pikipiki husikiliza injini kwa dakika moja na kutaja kifaa kilichokufa. Lakini hapa ndipo kosa linapoingia. Umahiri wa watu hao hauthibitishi kwamba wana disleksia, wala disleksia haiwaahidi umahiri huo. Wapo wenye disleksia ambao hesabu za kichwani, hasa jedwali la kuzidisha, huwashinda vibaya. Wajasiriamali waliohojiwa walikuwa wale waliofika. Waliozama njiani, walioacha shule darasa la nne wakiamini kwamba ni wajinga, hawakuulizwa. Tena kuna sababu isiyohitaji karama yoyote: mtu aliyefungiwa ofisi ataonekana kwa wingi sokoni.

Tatizo kubwa zaidi la hoja ya karama ni la kimaadili. Anayesema mtoto huyu aheshimiwe kwa kuwa ana kipaji kilichofichika amebadilisha kipimo tu, hakuacha kupima. Mtoto mwenye disleksia asiye na kipaji chochote cha pekee, ambaye hatakuwa fundi wala tajiri wala msimuliaji, naye ni wa kawaida kama walivyo wengi wanaosoma vizuri, ataangukia wapi? Hatakiwi mwenye kusoma kuonyesha kipaji cha ziada ndipo astahili adabu ya mwalimu wake. Dini zote mbili zilizotajwa zina msingi imara kuliko huo, kwamba utu hutangulia uwezo, na ajabu ni kwamba mahubiri ya kutia moyo huuacha msingi huo na kukimbilia habari za mabilionea. Vipaji vinapokuwepo vitumike na kusifiwa. Havifai kuwa hati ya kumwombea mtu heshima.

Likishakubaliwa hilo, linabaki swali la haki, na hapo hali halisi ina makali. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, una karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Zote nne ni za kusoma. Swali la Hesabu kuhusu mwanamke aliyenunua mihogo linaweza kumshinda mtoto kabla hajaifikia hesabu, na katika jumla ya alama, ambapo 4 ndiyo matokeo bora, karatasi itaandika kwamba hajui hesabu. Baraza la mitihani la Uganda, UNEB, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na wenye disleksia wamo katika makundi linaloyatambua, pamoja na wanaohitaji mtu wa kuwaandikia. Ili kupata nafuu hiyo lazima shule iwe imemtambua mtoto mapema na kumwombea, na shule za mjini zenye wazazi wanaofuatilia hufanya hivyo kwa wepesi kuliko shule ya kijijini mpakani.

Wapo wanaolalamika kwamba dakika za ziada ni upendeleo. Aristotle alilijibu lalamiko la aina hii katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako: sheria husema kwa ujumla, na mambo ya watu hayana umbo moja, kwa hiyo haki inahitaji kusahihishwa na uadilifu, mithili ya rula ya risasi ya wajenzi wa Lesbos iliyopindika kufuata jiwe. Cha kuuliza ni mtihani unapima nini. Kama unapima kasi ya kusoma, dakika za ziada zinauharibu. Kama unapima ujuzi wa Sayansi, kasi ya kusoma ni uchafu ulioingia kwenye mizani, na muda wa ziada unausafisha. Mtahini asiyeweza kusema anapima kipi kati ya hivyo viwili hana msingi wa kulalamika.

Tofauti hiyo hiyo huamua suala la vyeo na kazi. Kuna kazi ambazo kusoma ndiyo kazi yenyewe. Karani wa mahakama lazima asome. Nyingine zimewekewa kusoma mlangoni kwa mazoea tu. John Mary Vianney, padri Mfaransa, alisumbuliwa na Kilatini seminarini kiasi cha kukaribia kukataliwa. Alipewa upadrisho mwaka 1815, akawa muungamishi aliyefuatwa na maelfu, na mwaka 1929 alitangazwa msimamizi wa mapadri wa parokia. Hapana haja ya kumbandika disleksia. Kisa chake kinaonyesha tu kwamba mlango na kazi vinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Katika Uislamu anayestahili kuongoza swala ni mwenye kuijua zaidi Kurani kwa kuisoma, na aliyeihifadhi kwa masikio huisoma bila kushika msahafu. Kwa mafundi, Uganda imekuwa na utaratibu, ulioendeshwa awali na Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ambao humpima mtu kwa kazi ya mikono aliyoizoea gereji au kiwandani, hata kama hakumaliza shule, na kuuandika ujuzi wake katika hati inayotambuliwa. Fundi anayepimwa hivyo hufungua injini, hutafuta hitilafu na kuifunga tena huku mtahini akitazama, na maelezo yake huyatoa kwa mdomo.